Majembe Mawili ya Bunge la Ufini

Mwaka 2014 serikali ya Ufini ilianguka mara nyingi sana katika chumba chetu cha kidato cha nne, hapa Kasulu. Mara moja ilianguka kwa sababu waziri mkuu alikwenda chooni wakati kura zinapigwa. Aliporudi akifunga mkanda, akakuta kiti chake kimekaliwa na mpinzani. Akauliza, "Jamani, kwani nimechelewa nini?" Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu wa fizikia wa chumba cha pili akaja kugonga dirisha.

Wa kulaumiwa, au wa kushukuriwa, ni mwalimu wetu wa historia. Alihamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu mwembamba wa sauti kubwa, asiyejua Kiha, lugha ya hapa, hata salamu, ila akitusalimu kwacho kila siku kwa makosa. Mwaka ule alikwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa mama mmoja wa kizungu aliyekuwa anamaliza kazi na kuuza vyombo vyake. Alikwenda kununua jiko la gesi. Akarudi na jiko, na juu ya jiko kitabu kikubwa cha historia ya Ufini, alichopewa bure kwa kuwa hakuna aliyekitaka.

Tulikuwa tunasoma mada ya dunia katikati ya vita vikuu viwili. Ujerumani tulishaisoma, na Italia, na kila nchi iliishia kwa mtu mmoja anayepiga kelele peke yake. Mwalimu akasema, "Sasa nataka muone nchi iliyokaribia kabisa kutumbukia, na haikutumbukia." Darasani tulisoma kwa Kiingereza, lakini kipindi cha mwisho cha Ijumaa aliruhusu Kiswahili, na ndipo Ufini ikawa ya kwetu.

Alitueleza kwamba mara tu baada ya uhuru wao walipigana wenyewe kwa wenyewe, wekundu upande huu na weupe upande ule, wakauana vibaya. Weupe wakashinda. Halafu mwaka uliofuata wakafanya uchaguzi, na chama cha wafanyakazi, cha upande ulioshindwa, kikarudi bungeni na viti vingi kuliko chama kingine chochote. Wakakaa chumba kimoja na waliowapiga. Hapo mwalimu alitutazama. Wengi wetu darasani babu zetu walivuka mpaka kutoka Burundi wakikimbia mauaji ya namna hiyo, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Kisha akasema walipiga marufuku pombe nchi nzima, miaka kadhaa.

"Hata ya ndizi?" akauliza mmoja nyuma.

"Ufini hakuna ndizi."

"Aa, ndiyo maana waliweza."

Baada ya hapo tukagawana vyama kwa mistari ya madeski. Mstari wa madirishani wakawa chama cha wafanyakazi, na ndio walikuwa wengi zaidi. Mstari wa mlangoni wakawa chama cha wakulima. Wa nyuma wakawa wahafidhina, ambao mwalimu alisema mwanzoni walitaka hata kuleta mfalme, nao wakafurahi sana na kuanza kutembea kifalme. Likabaki deski la mbele kabisa, lile la chini ya pua ya mwalimu ambalo hakuna anayelipenda. Hapo nilikaa mimi na rafiki yangu, binti wa daktari wa hospitali aliyetoka Dodoma. Sisi tukawa chama cha watu wachache wa Ufini wanaozungumza Kiswidi. Akaongezwa mvulana mmoja ambaye siku ile alikuwa nyumbani anaumwa malaria. Aliporudi akakuta yeye ni Mswidi. Akasema sawa tu.

"Nani kiongozi wenu?" mwalimu akauliza.

"Huyu," rafiki yangu akanisukuma begani. "Mimi naongea sana, nitaharibu. Awe kiongozi, mimi niwe msemaji."

Niliinamisha uso kwenye deski. Mimi ni mtu ambaye akiitwa jina darasani hujibu kwa namna ambayo mwalimu huita tena. Siyo kwamba sina maneno. Ninayo, jioni nayaandika, ila mchana yanajificha. Watu wakanipigia makofi, na mstari wa mlangoni wakaanza kuniita Mama wa Kiswidi, jina ambalo mpaka leo sokoni naitwa.

Tukacheza Ufini kila Ijumaa. Mezani kwa mwalimu viliwekwa viti vya serikali, na chama kilichoweza kukusanya zaidi ya nusu ya darasa kilikwenda kukaa. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: wafanyakazi peke yao walikaribia nusu lakini hawakuifikia. Wakulima na wahafidhina wakiungana, nao walikaribia wasiifikie. Sisi watatu tulikuwa katikati. Lakini wiki zile za mwanzo hatukujua tuna kitu gani mkononi. Tulipiga kura popote ambapo tungeachwa tukae kwa amani.

Kwa hiyo serikali ziliundwa na kuanguka. Moja ilianguka kwa sababu wakulima walitaka viazi vipandishwe bei na wahafidhina wakawaambia wananuka mbolea. Siku mwalimu aliposimulia kwamba huko Ufini walitokea watu wenye hasira waliowateka wapinzani na kuwapeleka kwa gari hadi mpaka wa mashariki, wahafidhina walimkamata msemaji wa wafanyakazi, wakampakia kwenye toroli la shule na kumsukuma mbio hadi goli la mashariki la uwanja wa mpira. Alikuwa anapunga mkono kama bwana harusi. Mwalimu aliwapa adhabu ya kulirudisha toroli na yeye akiwa ndani, na waliporudi akasema kwa sauti ya kawaida kwamba waliotekwa kweli wengine walipigwa, na wengine hawakurudi. Tukaacha mchezo ule.

Mkuu wa shule alisikia kelele zetu. Asubuhi moja, shule nzima tumepanga mstari, akasema, akitabasamu kidogo, kwamba serikali ya kidato cha nne itakayofaulu kukaa Ijumaa tatu mfululizo bila kuanguka, ataipa nafasi ya kutunga sheria moja ya shule, na yeye ataitia sahihi. Naamini alijua hakuna itakayofika.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi. Bomba la shule hukauka kila kiangazi, na maji hufuatwa bondeni. Kazi ya maji ilikuwa ya wasichana. Kazi ya wavulana ilikuwa kufyeka majani, na kiangazi hakuna majani. Kwa hiyo kila jioni baada ya masomo sisi tulishuka bondeni na ndoo, tukapanda, tukashuka tena, maji ya jikoni na ya bweni na ya nyumba za walimu, na wavulana walikaa madarasani wakisoma kwenye mwanga mzuri wa jioni. Tulipomaliza, jua lilikuwa limeshazama. Bweni letu lilikuwa na taa moja ya sola, na chini yake walikaa waliowahi.

Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Kwenye moko, mtihani wa majaribio, historia nilifanya vizuri, hesabu nilipata kitu ambacho sikukiandika popote. Ningefeli ningerudi Rungwe Mpya kulima mihogo na shangazi. Sina ugomvi na mihogo. Shangazi ananipenda. Ila nilitaka kuendelea kidato cha tano kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine, na kitu nilichokosa ni yale masaa ya jioni. Basi mkuu aliposema sheria moja, mimi niliona maji. Nikamnong'oneza rafiki yangu. Akanikodolea macho.

"Wavulana wachote maji? Kasulu hii?"

"Kwa zamu tu. Wiki yao, wiki yetu."

"Wewe kimya kimya kumbe ni mkorofi," akasema, akanipiga kofi la paja kwa furaha.

Lakini wasichana tulikuwa wachache, tena tumetawanyika kwenye vyama, na vyama viliongozwa na wavulana. Kiongozi wa wakulima, mrefu mmoja wa kutoka Murungu, alitaka sheria ya Jumamosi ya mpira. Kiongozi wa wafanyakazi, mtoto wa fundi cherehani wa hapa mjini, alitaka redio iwashwe bwaloni wakati wa chakula. Hakuna aliyetaja maji. Na hapo ndipo wote wawili, siku moja, wakapiga hesabu vizuri na kugundua kwamba bila deski la mbele hakuna serikali, maana wao kwa wao kuungana hakuna aliyefikiria.

Kwanza yakaja mahindi ya kuchoma. Halafu parachichi kubwa, lililowekwa kwenye deski letu bila maelezo. Halafu karanga. Yule mwenzetu wa malaria alinenepa. Rafiki yangu alikuwa anapokea na kusema, "Tutazifikisha kwa kiongozi," wakati kiongozi mwenyewe amekaa pale pale anatafuna.

Alhamisi, siku ya shamba la shule, kila mtu alikuja na jembe lake. Wakati wa mapumziko yule mrefu wa Murungu akaja na wenzake wawili. Alishika jembe jipya, la mpini mweupe, kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya deski letu, akalibana jembe kwapani, akapiga makofi taratibu, akasalimu kwa Kiha kama wazee wanavyosalimu.

"Mwakeye, Mama wa Kiswidi."

"Mwakeye," nikajibu chini chini.

"Mmeamkaje huko Kiswidini? Ng'ombe wazima?"

"Wazima."

"Na theluji?"

"Ipo," nikasema, na wenzake wakashindwa kujizuia, wakacheka. Yeye hakucheka. Akapiga magoti nusu, akaliweka jembe mikononi mwangu. Nikalipokea. Wakapiga makofi, wakaondoka kinyumenyume.

"Jembe la nini?" rafiki yangu akauliza. "Si tunayo yetu?"

Ilibidi nimweleze. Kwetu mtu akiposa kwa desturi za zamani, hutuma mshenga na jembe. Likipokelewa kwa mikono miwili, mazungumzo yamefunguliwa na hakuna mwingine wa kubisha hodi. Kulirudisha ni kuwatukana waliolileta.

"Kwa hiyo tumeposwa? Na wewe umekubali?"

"Alinipa kwa mikono miwili. Ningefanyaje?"

"Ungesema hapana!"

Alisema kana kwamba ni neno jepesi.

Jioni ile nikashuka bondeni na ndoo kama kawaida. Nilikuwa naisubiri ijae nikaona wasichana wote wamenyamaza. Nikageuka. Kiongozi wa wafanyakazi alikuwa anateremka njiani peke yake, ameshika jembe. Mvulana bondeni ni kioja. Alikuwa anatazama chini ili asijikwae, na kila hatua nyingine alijikwaa.

"Mwakeye," akasema, akapiga makofi, jembe likamponyoka likamwangukia mguuni. "Aa! Mwakeye."

Wasichana wakaangua kicheko. Akaliokota, akanipa kwa mikono miwili. Na mimi, ambaye tayari nilikuwa na jembe moja bwenini chini ya kitanda, nikaona vile alivyotembea njia yote ile akichekwa, nikashindwa kumrudisha mikono mitupu. Nikalipokea.

Kwa furaha akasema atanibebea ndoo. Akaibeba kwa mkono, siyo kichwani. Kufika nusu ya kilima maji yalikuwa kwenye suruali yake na ndoo imebaki robo.

"Hii mnafanya kila siku?" akauliza, akihema.

"Mara mbili."

"Mara mbili kwa wiki?"

"Kwa jioni."

Akahamishia ndoo mkono mwingine, akaendelea kupanda.

Rafiki yangu aliponiona naingia bwenini na jembe la pili, alikaa kitandani na kushika kichwa. "Wewe! Umeposwa na mabwana wawili!"

Ijumaa darasa lilikuwa limejaa mapema, hata kidato cha tatu walikuwa madirishani. Mwalimu akafungua bunge. Yule mrefu wa Murungu akasimama, akatangaza kwa kiburi kwamba wakulima, wahafidhina na Waswidi wameelewana, serikali ipo. Kabla hajakaa, mtoto wa fundi cherehani akasimama.

"Waswidi gani? Waswidi wako kwetu. Wamepokea jembe."

"Wamepokea letu!"

"Lini?"

"Jana mapumziko!"

"Sisi jana jioni!"

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika. "Mama wa Kiswidi ana waume wawili!" walipiga kelele nyuma. "Mahari irudi!" "Mpelekeni goli la mashariki!" Hata mwalimu wa fizikia hakugonga dirisha safari hii, alikuja kusimama mlangoni asikie.

Rafiki yangu akainuka. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya chama changu..."

"Leo msemaji akae," mwalimu akasema kwa upole. "Kiongozi ndiye aliyepokea. Kiongozi aseme."

Niliinuka. Nakumbuka meza ilikuwa na alama ya wino yenye umbo la mbuzi, na nilikuwa naitazama hiyo. Majembe yote mawili nilikuwa nimeyaleta, yako chini ya deski. Nilikuwa nimelala nikifikiri nitayarudisha yote na kuomba radhi. Lakini kurudisha ningewatukana wote, na maji yangebaki yetu mpaka Novemba. Maneno hayakuja. Kwa hiyo nilifanya kwa mikono.

Nikachukua jembe la mpini mweupe, la wakulima. Sikwenda mlangoni. Nikaenda madirishani, kwa mtoto wa fundi cherehani, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea kabla hajafikiri, kama nilivyofanya mimi. Nikarudi, nikachukua jembe la wafanyakazi, nikavuka darasa, nikampa mrefu wa Murungu. Na yeye mikono yake ikapokea yenyewe.

Kisha nikasikia sauti yangu, na ilisikika hadi nyuma, najua kwa sababu walionijibu walikuwa nyuma.

"Sasa mmeposana nyinyi wenyewe. Mimi nilikuwa mshenga tu. Na mahari ni maji. Wavulana wiki moja, wasichana wiki moja."

"Hatukubali!" wakapiga kelele wahafidhina. "Hii ni hila!"

"Jembe limepokelewa," akasema mwalimu wa fizikia kutoka mlangoni. Yeye ni Muha wa hapa hapa. "Kwa mikono miwili. Nimeona."

Yule mrefu alitazama jembe mkononi, akamtazama mwenzake. Walikuwa hawasalimiani tangu siku ya toroli, wakulima walipowashangilia wahafidhina. "Na mpira?" akauliza.

"Na redio?" mwenzake akajibu.

"Sheria ni moja," nikasema.

Mtoto wa fundi cherehani akaangalia suruali yake, sijui kwa nini. "Mimi nakubali maji," akasema. "Mmoja wenu akishuka kule mara moja tu, atakubali." Mstari wa madirishani wakanung'unika lakini wakainua mikono. Kisha wasichana wa mlangoni wakainua yao bila kumtazama kiongozi wao, na yeye, alipoona hivyo, akainua ya kwake juu kuliko wote, kana kwamba ndiye aliyeanza. Rafiki yangu akapiga kigelegele kirefu ambacho Wagogo wenzake wangejivunia.

Mwalimu alikuwa amevua miwani. Akasema huko Ufini nako, baada ya miaka mingi ya serikali kuanguka, mwishoni mwa miaka ya thelathini wakulima na wafanyakazi ndio walikaa meza moja, watu ambao hakuna aliyedhani wangeelewana. Akasema hakutuambia kwa makusudi. Alitaka aone kama tutafika.

Tulipokuwa tunatoka, rafiki yangu akanishika mkono. "Umegundua kitu? Wale wawili wakiungana wanapita nusu mbali sana. Sisi hatuhitajiki tena. Umetutoa serikalini na parachichi zimekwisha."

Nilikuwa sijagundua. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye ngazi.

Serikali ile ilikaa Ijumaa tatu. Waligombana kila Ijumaa, lakini kila mmoja alikuwa na jembe la mwenzake, na hakuna aliyetaka awe wa kwanza kulirudisha. Mkuu wa shule alitia sahihi, hakutabasamu sana, na karatasi ikabandikwa ukutani bwaloni.

Jumatatu ya kwanza ya zamu ya wavulana nilikuwa nimepanga hesabu, sura nzima. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Wasichana wote tulikaa ukingoni mwa kilima kuwatazama wakishuka. Walikuwa wamebeba ndoo kila mtu kwa namna yake, wengine begani, wengine wawili kwa fimbo moja, mwingine ameivaa kama kofia. Wahafidhina walikuja wa mwisho, wakijifanya wanatembea tu. Wakati wa kupanda mtu mmoja akateleza, maji yakashuka kilima chote yakiwakimbiza wenzake, na chini bondeni wakaanza kulaumiana kwa vyama, wakulima na wafanyakazi, kwa sauti kubwa sana. Tulipiga makofi na kuwapigia kelele za kuwatia moyo.

Jumanne nilikwenda darasani. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jiko, mwanga umeingia hadi kwenye deski la mbele. Nikafungua hesabu. Kutoka bondeni nilisikia ndoo zikigongana na mtu akilaani kwa Kiha. Nikaanza swali la kwanza.